Upande wa Matlai

Mchwa wameila bismillahi na nusu ya tarehe,
ila bei hawakuigusa: riale thelathini na mbili,
zimetolewa, zimepokewa, hapana deni baina yao.
Mwana Mtiti binti Famau, akili zake timamu,
kwa hiari yake, pasi kushurutishwa,
amemuuzia Shekuwe bin Lali
shamba la Kipungani:
minazi arubaini na mmoja, mikwaju miwili,
nusu ya kisima,
kibanda cha makuti chenye mlango mmoja,
"na kilichosimama humo na kilicholala."

Nasoma polepole, kidole juu ya wino.
Mpima ardhi hazijui herufi hizi za Kiarabu zinazosema Kiswahili;
mjukuu wa Shekuwe, aliyeshuka jana kwa ndege ya saa nne,
naye hazijui. Ndiyo maana wameniita mimi,
mwalimu wa chuo, kwa soda moja na ahadi.

"Ruka hapo," asema mjukuu.
Siruki.
"Isipokuwa fungu la kumi la nazi, kila zianguliwapo,
ni la msikiti, kwa mafuta ya kandili.
Haliuzwi. Halirithiwi. Shamba likipita
mikono mia, fungu halihami."

Msikiti siku hizi una umeme wa tokeni,
na kandili ya mwisho aliinunua Mtaliani wa Shela
akaipandia maua.
Bunu, hata hivyo, huja na gunia lake na kamba.
Haulizi nani mwenye shamba. Huhesabu tu.

Kisha mipaka.
Kibla: njia ya punda iendayo Matondoni.
Suheli: mikoko, hadi yafikapo maji ya bamvua.
Machweo: kitalu cha mawe cha marehemu Kombo.
Matlai: Zafarani.

"Zafarani ndiyo nini?" auliza mpima, kalamu juu. "Mti?"

Si mti.
Alimzaa aliyemzaa bibi yangu.
Aliletwa shambani hapa na umri usioandikwa,
akapewa jina la kiungo, kama wengine walivyopewa
ya siku, ya matunda, ya furaha za bwana.
Alipoachwa huru hakwenda popote.
Alikaa ukingoni, akasuka majamvi ya miyaa.
Siku mashahidi walipoizunguka ardhi kwa miguu
walifika alipo, wakasalimu, wakageuka,
na karani akaandika.
Mashahidi wana baba zao karatasini, na baba za baba zao.
Yeye ana nukta.

Bibi alikuwa akisema, "Nti si yetu. Mnazi ni wetu."
Nilidhani ni uzee. Mnazi gani, bibi?
Hati yasema arubaini na mmoja.
Asubuhi hii, kabla hawajaja,
nimehesabu mizima na visiki:
arubaini na miwili.

"Kifaa changu chataka mahali," asema mpima.
"Huyo Zafarani alikaa wapi?"
Nikaenda hadi kwenye mnazi uliopinda,
ule usio na chapa ya mtu,
nikageuka kuwatazama.
"Hapo hapo. Usisogee."
Kifaa kikalia mara tatu.
Akaandika tarakimu ndefu kuliko jina lolote,
akapigilia bikoni kando ya ndala zangu.
Mjukuu akatazama saa.
Nikauliza kama tarakimu ile ina jina.
Mpima akacheka, si kwa ubaya.

Nyuma yetu Bunu alikwisha kufika, wala hakubisha hodi.
Saba, nane, tisa.
Ya kumi akaitikisa sikioni, asikie maji,
akaitia guniani.
Za mnazi uliopinda hakuzigusa.
"Hizo," akasema, huku akifunga kamba,
"hazijawahi kuwemo."